Kishona Nguo, Vidonge Vyangu na Usiku wa 2.6

Anayeitafuta dawa hii hana haja ya kwenda msituni. Apite kwenye shamba lililokosa palizi. Akitoka atakuta mbegu zimemng'ang'ania suruali kuanzia vifundoni hadi magotini. Ndiyo maana tukauita kishona nguo. Mimi nilikijua kama kero ya jioni, kazi ya kuchopoa mbegu moja moja, miaka mingi kabla sijakichemsha kama dawa ya sukari. Na nilikichemsha kwa furaha miezi kadhaa kabla hakijachangia kunilaza hospitali.

Nina kisukari cha aina ya pili. Haya ninayosimulia yalichukua kama mwaka na nusu, na nayaandika kwa sababu kila wiki nakutana na mtu anayeniuliza "ile dawa yako" ikiwa ni kweli. Jibu ni refu kidogo.

Nianze na shangazi. Nilijikata unyayo kwa jembe nikiwa na miaka tisa, damu ikaruka. Yeye hakupiga kelele. Alichuma vichwa vya kishona nguo, yale majani machanga ya juu, akayaosha, akayasugua kati ya viganja mpaka yakatoa maji ya kijani, akayakamulia kwenye jeraha. Yalichoma hasa. Lakini damu ilipungua, kisha ikakata, na mimi nikabaki na imani ambayo hakuna darasa la shule lililokuja kuitikisa.

Shangazi hakuwa peke yake. Mmea huu, ambao Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kwa jina la Bidens pilosa mwaka 1753, asili yake ni Amerika ya kitropiki, ila kwa hizo mbegu zenye meno umedandia nguo, manyoya ya wanyama na magunia mpaka ukaenea karibu kila nchi yenye joto. Bidens maana yake ni meno mawili. Kila ulikofika watu waliujaribu, na inashangaza jinsi walivyofikia matumizi yanayofanana: majani kwa vidonda na damu, maji yaliyochemshwa kwa tumbo la kuhara, kwa homa, kwa maumivu ya kichwa, kwa ini. Brazili wanauita picão-preto na huwaogeshea watoto wachanga wenye manjano (mtoto mchanga mwenye manjano apelekwe hospitali kwanza, sufuria isubiri). Taiwan na China wanauchemsha na kuunywa. Sehemu nyingi majani machanga ni mboga.

Shangazi hakuyajua hayo yote. Alijua mambo mawili niliyokuja kuyasahau. La kwanza, alipima: konzi moja ya mkono wake, wala haikuongezeka kwa sababu mgonjwa analalamika zaidi. La pili, kabla hajampa mtu chochote cha kunywa alimuuliza, "Umekunywa nini kingine?" Kama jibu lilikuwa ni dawa ya hospitali, alirudisha majani yake kapuni na kusema imalize kwanza hiyo. Tulidhani ni woga wa uzee.

Miaka ikapita. Nikaanza kuamka usiku mara nne, mara tano, kukojoa. Kiu haikuisha. Uzito ulipungua na watu wakanisifu. Nilipopimwa kabla ya kula asubuhi, sukari ilisoma 13.4. Kwa kipimo hicho cha milimoli kwa lita, mtu akifika 7.0 akiwa hajala, na kipimo kikarudiwa kikasoma hivyo tena, tayari ana kisukari. Ile nyingine ya HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi mitatu kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, ilikuwa asilimia 9.1. Daktari alizungumza kwa upole, mimi nikasikia neno moja tu: maisha. Vidonge vya maisha.

Nilipewa metformin. Wiki mbili za kwanza tumbo lilikuwa kama ngoma, na choo nilikijua kwa kila tundu la ukuta wake. Ningerudi kusema, angenipunguzia dozi au angenibadilishia, maana tatizo hilo ni la kawaida na mara nyingi hupungua mtu akianza kidogokidogo na kumeza pamoja na chakula. Sikurudi. Nilikuwa na hasira na vidonge, na mtu mwenye hasira na vidonge husikia mengi kuhusu majani.

Jamaa yangu mmoja ndiye aliyeniambia kishona nguo kinashusha sukari. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba ni kweli watafiti wa Taiwan walitenga kutoka kwenye mmea huu kemikali za kundi la poliasetilini, wakazijaribu kwa panya wenye kisukari na sukari ikashuka. Nilisoma neno "sukari" na neno "ikashuka". Neno "panya" nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Panya alipewa kiasi kilichopimwa cha kitu kilichosafishwa maabara. Mimi nilikuwa na sufuria na mwiko.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la kuchekesha, lakini lingeweza kuwa baya. Mzigo wa kwanza niliouchuma haukuwa kishona nguo. Ulikuwa gugu jingine lenye vijiua vya njano na vipetali vyeupe vitano, linalopenda udongo uleule. Nilikunywa siku tatu nikijisikia mzima kabisa! Mke wangu ndiye aliyegundua, kwa sababu nilirudi kutoka kuchuma na suruali safi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kukijua akiangalie hivi. Shina lina pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole unazihisi. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani kwa kawaida limegawanyika vipande vitatu, wakati mwingine vitano, kingo zake zimechongoka kama meno ya msumeno. Ua lina kitovu cha njano, na vipetali vyeupe vichache au lisiwe navyo kabisa. Hakikisho lenyewe ni mbegu: nyeusi, nyembamba kama sindano, urefu wa sentimita moja hivi, na kwenye ncha ina meno mawili au matatu, kila jino na vimiba vidogo vinavyoelekea nyuma. Ndiyo maana ikishaingia kwenye kitambaa haitoki kirahisi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000, basi hutazikosa. Pasipo hizo mbegu, usichume. Kuna gugu la Ageratum conyzoides, lenye vishungi vya zambarau iliyopauka au vyeupe na majani yenye vinyweleo na harufu ya beberu, ambalo pia huota humo humo. Lina sumu zinazoumiza ini taratibu, bila kelele, na mtu aliyebeba majani makavu yaliyosagwa hawezi kuyatofautisha kwa macho. Ndiyo sababu leo unga wowote wa majani usio na chanzo ninachokijua siugusi, hata auzaye awe anatabasamu vipi.

Nilipopata mmea wenyewe, nilianza vizuri. Konzi moja, lita moja ya maji, dakika kumi motoni, kikombe kimoja asubuhi. Ladha yake ni ya nyasi, yenye uchungu kidogo mwishoni, si mbaya. Baada ya wiki mbili nikasema konzi moja ni ya watoto. Nikaweka mbili. Kisha nikaacha ichemke hadi maji yabaki nusu, rangi ikawa nyeusi kama ya chuma kilicholowa. Kikombe cha asubuhi kikapata mwenzake wa jioni. Hakuna aliyeniambia niongeze. Nilijiongezea kwa mantiki ile ya kwamba kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi, mantiki ambayo nisingeitumia kwenye chumvi.

Sukari ikashuka. Kutoka 13, 11, 8, mpaka asubuhi moja mashine ikasoma 6.1, nikapiga magoti. Sasa nisimulie kwa haki yale niliyoyaficha hata nafsini mwangu. Katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimeacha vinywaji vya sukari. Nilikuwa natembea dakika arobaini kila siku. Tena daktari, alipoona vipimo vya katikati haviridhishi, alikuwa ameniongezea kidonge cha pili, glibenclamide. Mambo manne yalikuwa yakisukuma mkokoteni mmoja, mimi nikalipa jani peke yake sifa zote. Niliwaambia watu watano au sita. Wawili walianza kunywa. Hilo linanisumbua kuliko kulazwa kwangu.

Kliniki waliniuliza kila mara: "Unatumia dawa nyingine yoyote?" Nami kila mara: "Hapana, dokta." Sikujiona mwongo. Nilijiambia jani si dawa, ni jani. Nyumbani nikirudi nilikuwa nasema, "Mama, dawa yangu imepoa?" Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini nisimwambie daktari. Nilijibu kwamba madaktari hawapendi mitishamba, atanigombeza. Ukweli ni kwamba niliogopa ataniambia niache, na mimi nilitaka ushindi uwe wangu.

Kidonge kile cha pili kina tabia ambayo nilielezwa na sikusikiliza. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari chini ya kawaida. Glibenclamide hulikamua kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Aliyenipa alisema wazi: ukimeza, ule. Usiruke mlo.

Siku ile nilikuwa na kazi ya kutwa. Mchana sikula cha maana. Jioni nilimeza vidonge, nikanywa kikombe kizito, nikasema nitakula nikipumzika kidogo, usingizi ukanichukua. Kama saa nane usiku mke wangu aliamshwa na kitanda kutetemeka. Mwili wangu ulikuwa umelowa jasho mpaka shuka imelowa nao. Nilikuwa nimekaa, nagombana naye kwa hasira kuhusu mlango ambao, anasema, haupo katika nyumba yetu. Mimi nakumbuka vipande tu: moyo ukidunda shingoni, midomo ikifa ganzi, na njaa ambayo sijawahi kuijua, njaa yenye hofu ndani yake.

Alinitoboa kidole. Mashine ilisoma 2.6.

Hapo ndipo nilipookolewa na mtu aliyekuwa akisikiliza kliniki wakati mimi nikitazama saa. Alikoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kiasi cha gramu 15 au 16, akanishikia glasi nikanywa. Nilikuwa bado naweza kumeza. Angenikuta sijitambui asingenitia chochote mdomoni, maana kingeenda kwenye mapafu, angekimbilia msaada moja kwa moja. Akasubiri dakika 15 akapima: 3.4. Akarudia. Dakika 15 nyingine: 4.3. Akili ikanirudia, nikaomba msamaha kuhusu mlango, nikataka kulala. Akakataa. Akanilazimisha kula, na baada ya saa moja akapima tena, ikawa 2.9. Imeshuka upya, chakula kikiwa tumboni. Hapo akaita usafiri.

Hospitali waliniwekea dripu ya glukosi na kunipima kila baada ya muda. Muuguzi mmoja, binti wa umri wa mwanangu wa pili, aliinama akaniuliza: "Baba, mbali na vidonge, umekunywa nini kingine?"

Nilimsikia shangazi kabisa. Nikanyamaza. Mke wangu akasema, "Utasema wewe au nitasema mimi?"

Nikasema. Konzi mbili, maji nusu, mara mbili kwa siku, miezi mitano. Niliulizwa sehemu ipi ya mmea, majani au mizizi, mabichi au makavu, niliyachuma wapi, mara ya mwisho saa ngapi. Nusu ya majibu sikuwa nayo. Kila kidonge changu kilikuwa na jina, miligramu na tarehe; kitu nilichokunywa vikombe viwili kila siku hakikuwa hata na mstari mmoja wa maandishi. Kama una mgonjwa anayetumia majani, na hutamzuia, angalau mpe daftari. Mmea gani, konzi ngapi, saa ngapi, sukari au presha ilisomaje kabla na baada. Siku ya shida karatasi hiyo inazungumza mgonjwa anaposhindwa.

Nililazwa siku mbili. Niliposhangaa kwa nini siruhusiwi wakati sukari ilikwisha kupanda, daktari alinieleza kwamba glibenclamide hukaa mwilini kwa muda mrefu na inaweza kumrudisha mtu chini saa nyingi baadaye, hasa figo zikiwa zimechoka. Wakapima figo. Zilikuwa salama, ila nilingoja yale majibu kwa woga kuliko mtoto anayengoja ya mtihani.

Nilitegemea kugombezwa. Daktari alivuta kiti. "Mzee," akasema, "kidonge kile na kulala bila kula vinatosha kukufikisha 2.6. Siwezi kukuambia jani liliongeza kiasi gani, kwa sababu umevichanganya. Lingekuwa halina nguvu yoyote nisingekuwa na wasiwasi nalo." Hayo maneno ya mwisho yalinigeuza. Mimi nilikuwa nimeamini mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba jani lina nguvu ya kutibu, na kwamba halina nguvu ya kudhuru.

Kisha akanipa habari ambayo ningependa ningeisikia siku ya kwanza. Metformin, kidonge nilichokuwa nakichukia kwa kuwa ni cha kiwandani, nasaba yake ni ya mmea. Kuna mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliotumika zamani kwa dalili zinazofanana na za kisukari. Ndani yake mlikutwa kemikali za kushusha sukari, lakini zilikuwa kali mno. Wanasayansi wakatafuta jamaa zake walio wapole zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kutumia metformin kwa wagonjwa. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nakikimbia kidonge chenye asili ya jani, nikikimbilia jani ambalo hakuna aliyelipimia konzi.

Glibenclamide niliondolewa. Metformin nilipangiwa upya, kwa aina inayoyeyuka polepole, tumbo likatulia ndani ya wiki. Jani niliacha. Sikuacha kwa uchungu. Niliacha ili tujue nini kinafanya nini. Baada ya miezi mitatu HbA1c ilisoma 6.9, bila kikombe hata kimoja. Sijui niseme nini zaidi kuhusu zile sifa nilizozigawa. Wale wawili walioanza kunywa kwa ajili yangu niliwafuata mmoja mmoja. Mmoja alikuwa ameshapunguza vidonge vyake mwenyewe, bila kumwambia mtu. Tulikwenda naye kliniki siku iliyofuata.

Sijakihama kishona nguo moja kwa moja. Nikijikwaruza bado nachuma majani machanga, nayaosha vizuri na kuyakamua, kwa michubuko midogo tu. Kidonda cha mguu, kwa mtu wa sukari, si cha majani, hata kiwe kidogo kama punje. Na nikipaka sikai juani, kwa sababu kemikali yake mojawapo huwa kali zaidi ikipigwa na mwanga wa jua; inaua vijidudu, lakini na ngozi inaweza kuchokozeka. Maji yake machoni au masikioni, jinsi wengine wanavyofanya, siyapendekezi kwa mtu yeyote: kiganja si kitu safi cha kutosha kwa jicho.

Na mahali pa kuchuma pana uzito kuliko nilivyodhani. Mmea huu unavyonza kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani, kiasi kwamba watafiti wameuchunguza kama njia ya kusafisha udongo uliochafuliwa. Uzuri huo kwa udongo ni ubaya kwa anayeunywa. Mimi nilikuwa nachuma pembezoni mwa barabara kwa sababu palikuwa karibu, na nyuma ya jalala kwa sababu ulinawiri. Vilevile ni gugu linalochukiwa na wakulima, maana yake linapuliziwa dawa; majani yanaweza kuonekana mabichi siku kadhaa baada ya kupuliziwa. Mwenye kuchuma achume mahali anapopajua historia yake. Mjamzito aache, anayenyonyesha aache, na anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla na amwambie daktari kwamba alikuwa akitumia. Mwenye vidonge vya presha naye aulize kwanza, maana mmea huu hutumika kushusha presha pia, na habari yake itakuwa kama yangu kwa kipimo kingine.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki. Daktari ni mpya, kijana, ana haraka. Akasoma faili, akauliza bila kuinua macho: "Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Sasa hivi hapana," nikasema. "Niliwahi kutumia kishona nguo, miezi mitano, majani, ya kuchemsha. Nimeacha."

Akainua macho. Akachukua kalamu, akasita juu ya karatasi.

"Kishona nguo," akasema. "Unaandika neno moja au mawili?"

"Mawili," nikamjibu, na nikasubiri mpaka amalize kuandika.